Sauti Sol walidumuje miaka 18 wakiwa wanne walewale? Swali kutoka kwa kundi dogo la Dodoma

Sauti ya Tatu aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Mimi na wenzangu watatu tunaishi Kikuyu (Kikuyu ya hapa Dodoma mjini, wala sizungumzii kabila la jirani zetu, maana kila nikiitaja mbele ya Wakenya naulizwa ukoo wangu). Tulianza kuimba pamoja katika kwaya ya vijana kanisani, na kwa miaka miwili sasa tunaimba pia nyimbo za mapenzi na za maisha, kwa sauti nne na gitaa moja, na mara nyingine bila chombo chochote. Tunaitwa kwenye harusi, sendofu na mahafali, na katika mji wenye vyuo vingi kama huu mahafali hayakosekani. Malipo tunagawana usiku uleule, kila mtu anaondoka na fungu lake mfukoni.

Tangu mwanzo kielelezo chetu kimekuwa Sauti Sol wa Nairobi. Kwa asiyewafahamu vizuri, Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Delvin Mudigi, ambaye wengi tunamwita Savara, waliimba pamoja katika kundi la Voices in the Light la shule ya Upper Hill, kisha mwaka 2005 wakaungana na mpiga gitaa Polycarp Otieno. Walianza kwa kuimba bila vyombo, yaani pale pale tulipoanzia sisi. Mpaka walipotangaza mwaka 2023 kwamba wanapumzika kama kundi, walikuwa bado ni wale wale wanne, bila aliyefukuzwa wala aliyeingizwa. Makundi ya hapa kwetu niliyoyapenda hayakufikia hata nusu ya umri huo.

Sasa nieleze kilichonileta. Mwenzetu anayeshika sauti ya kwanza aliitwa pembeni na mtayarishaji wa studio moja ya hapa mjini, akaambiwa kwamba makundi hayauzi, kwamba atarekodiwa bure endapo atakuja peke yake, na kwamba sisi wengine watatu "tunamzibia". Alituambia mwenyewe, hakuficha, na namheshimu kwa hilo. Lakini tangu siku hiyo mazoezi yamekuwa ya baridi. Mmoja wetu anataka tumtangulize rasmi awe mwimbaji mkuu ili asiondoke; mwingine anasema tukifanya hivyo tutakuwa waitikiaji wake, na kwamba katika kwaya hakuna sauti iliyo mkubwa wa nyingine.

Naomba wenye uelewa wanisaidie: kwa jinsi mnavyoisoma safari ya Sauti Sol, kilichowashikilia ni namna walivyopanga sauti zao, au ni mambo yaliyo nje ya uimbaji kabisa? Na kumtanguliza mtu mmoja ni kuliokoa kundi au ni kuanza kulizika?

Mwalimu wa Kwaya, Makole alijibu:

Kijana wangu, nimefundisha kwaya kwa sol-fa (zile noti za do-re-mi) tangu kabla ya baadhi yenu kuzaliwa, kwa hiyo nitajibu upande ninaoujua, wa sauti zenyewe.

Huyo anayesema katika kwaya hakuna sauti iliyo mkubwa wa nyingine amesema kweli, ila ameichukua sheria ya nyumba moja akaipeleka nyumba nyingine. Katika nyimbo za kwaya tulizorithi kwenye vitabu vya makanisa, sauti zote nne hutembea pamoja tangu neno la kwanza hadi amina: soprano ameshika wimbo, alto na tenori wanajaza katikati, besi amebeba msingi. Msikilizaji hatafuti mtu humo ndani. Anasikia jengo zima. Wimbo wa kizazi kipya haujengwi hivyo, kwa sababu unasimulia kisa cha mtu mmoja, na watu wanne hawawezi kwa pamoja kumwambia binti kwamba wanampenda bila kuchekesha. Ndiyo maana katika nyimbo nyingi za Sauti Sol ubeti huachiwa mtu mmoja asimulie, wenzake wakaingia mwishoni mwa mstari au wakamjibu, hadi kwenye kiitikio ambako wote hufunguka. Sauti nzito ya Bien yenye mkwaruzo inatambulika haraka kuliko za wenzake, na mara nyingi ndiyo iliyokaa katikati, lakini sikumbuki kipindi ambacho kundi lilibadilishwa jina likawa lake na wenzake.

Jambo la pili ambalo vijana hawalisikilizi ni gitaa la Polycarp. Sikilizeni albamu yao ya kwanza, Mwanzo, iliyotoka Novemba 2008, hasa wimbo wa Lazizi. Gitaa lile halijai kila mahali. Linaacha nafasi, na sauti zinakuja kukaa katika nafasi hizo kama wageni walioandaliwa viti. Wapigaji wetu wengi hukwangua nyuzi zote sita kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha wanashangaa kwa nini alto hasikiki.

Nitasema na lile nisilolipenda, kwa sababu hukuuliza sifa tupu. Kwa sikio langu, kadiri kundi lilivyokua ndivyo sauti zilivyozidi kuwa chache. Ulipofika wimbo wa Sura Yako mwaka 2014, ngoma ndiyo iliyotangulia, pamoja na ule mtindo wao wa kucheza walioupa jina la Lipala, na mpangilio wa sauti ukawa kama chumvi juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Wimbo ni mzuri, siupingi, na mwaka huohuo walitunukiwa tuzo ya MTV ya Ulaya kama wasanii bora wa Afrika. Ila aliyewapenda kwa sababu ya Lazizi alikuwa na haki ya kuuliza zile sauti zimekwenda wapi.

Kwenu nashauri zoezi moja kabla ya mkutano wowote. Zimeni spika, simameni duara mkitazamana, imbeni wimbo mmoja mnaoujua mara nne, na kila mara mbadilishane sehemu: wa kwanza aimbe ya tatu, wa tatu aimbe besi hata kama anakwaruza chini. Mtu akishaimba sehemu ya mwenzake ndipo anapojua mwenzake anabeba nini.

Fundi Mitambo, Area D alijibu:

Naunga mkono zoezi la mwalimu, lakini naomba niseme ukweli ambao wanamuziki hawapendi kuusikia kutoka kwa mtu wa miksa. Makundi mengi ya sauti hapa Dodoma hayafi kwa sababu ya wivu. Yanafia kwenye maiki. Mnapewa maiki mbili kwa watu wanne, wawili wanagombea moja, aliye karibu anasikika kama anafoka na aliye mbali anaonekana anatafuna. Monita, ile spika ya kumrudishia mwimbaji sauti yake, hakuna, kwa hiyo kila mmoja anapandisha sauti ajisikie, na ndani ya dakika tano wote mko juu ya ufunguo mlioanzia. Mkienda ukumbi wenye bati na kuta tupu, mwangwi unarudisha neno la jana. Mkienda uwanjani mwezi wa saba, upepo wetu mnaujua. Baada ya hapo mwenye sherehe anasema waimbaji ni wabovu, nanyi mnarudi nyumbani mkilaumiana.

Sauti Sol walijulikana kwa kupanda jukwaani na vyombo halisi na kuimba wenyewe, siyo kufungua midomo juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa. Hilo ni gharama, lakini ndilo linalompa mtu sababu ya kuwalipa ninyi badala ya kumlipa kijana mwenye kompyuta. Kabla ya kuamua nani awe mbele, nunueni maiki nne zinazofanana, kila mtu ashike ya kwake na ajue umbali wake. Mkiwa na shughuli kabla ya kununua, mbili nitawaazima.

Binti Kondoa alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na salaam kwa wengine. Nilisoma Nairobi miaka kadhaa, na nilikuwa mpenzi wa kundi hili kwa kiwango ambacho ada yangu iliwahi kuathirika, kwa hiyo naomba nitofautiane na Mwalimu kwa adabu.

Kwanza, si kweli kwamba sauti zilipotea. Zilihamia mahali pengine. Albamu ya Live and Die in Afrika ya mwaka 2015, iliyo na nyimbo nyingi za kucheza, ina pia Kuliko Jana, ambao baadaye waliuimba pamoja na wanakwaya wa RedFourth Chorus, na sidhani kama kuna mwalimu wa kwaya atakayesikiliza rekodi hiyo na kusema pana upungufu wa sauti. Midnight Train ya mwaka 2020 ina Brighter Days, walioimba na Soweto Gospel Choir wa Afrika Kusini. Walijua wimbo wa harusi unahitaji nini na wimbo wa kumshukuru Mungu unahitaji nini, wakavigawa.

Pili, na hapa ndipo penye jibu la swali, mimi naamini kilichowashikilia hakikuwa uimbaji. Tazama mlolongo wa kazi yao. Walianza chini ya lebo ya Penya, wakatoa Mwanzo mwaka 2008 na Sol Filosofia mwaka 2011. Mwaka 2012 walifanya kazi fupi ya majaribio na Spoek Mathambo wa Afrika Kusini, yenye mdundo ambao mashabiki wa Lazizi hawakuutegemea. Live and Die in Afrika waliitayarisha wao wenyewe. Afrikan Sauce, albamu waliyoshirikiana na wasanii wa nchi mbalimbali akiwemo Patoranking, Tiwa Savage na Burna Boy, waliitoa kidogokidogo, wimbo baada ya wimbo, mpaka ikakamilika. Mwaka 2019 wakazindua lebo yao, Sol Generation, wakawaingiza vijana kama Bensoul na Nviiri. Walipokuja kusaini na kampuni kubwa ya muziki ya Universal mwaka 2020, walikwenda wakiwa watu wenye nyumba yao, siyo wapangaji wanaotafuta chumba. Kila hatua hapo ilihitaji watu wanne kukubaliana juu ya mali, na mali haigawanywi usiku uleule baada ya harusi. Samahani, Sauti ya Tatu, lakini ile sentensi yako ya kila mtu na fungu lake mfukoni ndiyo iliyonishtua kuliko habari za mtayarishaji. Ninyi hamna kitu cha pamoja isipokuwa urafiki, na mwenzenu ameahidiwa kurekodiwa bure. Angebaki kwa sababu gani?

Tuweke karibu yake mfano wa kwetu. Yamoto Band waliotoka kwenye kituo cha Mkubwa na Wanawe cha Temeke, chini ya Said Fella, walikuwa vijana wanne wenye sauti ambazo hata leo nikizisikia redioni naongeza sauti: Aslay, Beka Flavour, Enock Bella, na Maromboso ambaye sasa ni Mbosso. Kundi liliposambaratika, ilionekana wazi kwamba kila mmoja angeweza kusimama peke yake, na Aslay na Mbosso wakasimama kwelikweli. Hawakukosa vipaji, pengine vilizidi. Tofauti ninayoiona ni kwamba wale waliletwa pamoja na mlezi, na wa Nairobi walijikusanya wenyewe tangu shuleni, kwa hiyo mlango wa kutokea na wa kuingilia ulikuwa mikononi mwao.

Hata mlango wa kutokea waliutumia kwa utaratibu. Kabla ya kutangaza mapumziko mwezi Mei 2023, kila mmoja alikuwa amekwisha kuanza kazi yake: Chimano alitoa Heavy Is the Crown, Savara akatoa Savage Level, na Polycarp akatoa Father Studies, zote mwaka 2022, kundi likiwa bado hai. Bien alifuata na albamu yake mwaka 2023. Wakamalizia kwa ziara ya kuaga ng'ambo na tamasha la Sol Fest Nairobi mwezi Novemba. Kwa hiyo mtu kuimba peke yake si lazima iwe kuvunja kundi. Kinachovunja ni kuitwa pembeni.

Mzee wa Chamwino alijibu:

Nimesoma yote kwa utulivu. Mmetaja Nairobi, Temeke na Soweto, na kijana aliyeuliza anakaa Dodoma, ambako watu waliimba kwa sauti zilizopangwa kabla mmisionari hajafungua kitabu chake. Nendeni kijiji chochote cha Wagogo wakati wa sherehe, msikilize msunyunho au nindo: mmoja anaanzisha, wengine wanaingia juu yake na chini yake, sauti zinatembea sambamba zikiachana kwa umbali uleule, na hakuna aliyefundishwa do-re-mi. Marehemu Hukwe Zawose alizitoa sauti hizo pamoja na zeze na ilimba, kile chombo cha kupigwa kwa vidole gumba, hapa Dodoma akazifikisha Ulaya. Simlaumu kijana kwa kuwa na kielelezo cha mbali, ila asidhani anajifunza kitu kigeni.

Ninalotaka kuongeza ni moja. Yapo makundi ya majina na yapo makundi ya nafasi. Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini, alioanzisha marehemu Joseph Shabalala katika miaka ya 1960, ni kundi la nafasi. Walisikika dunia nzima walipoimba katika albamu ya Graceland ya Paul Simon mwaka 1986, wakapata tuzo ya Grammy kwa albamu ya Shaka Zulu, na wengi wa waimbaji wa siku zile hawapo tena jukwaani. Watoto wa Shabalala waliingia. Mtu akiondoka, nafasi yake ya besi inabaki imesimama ikimsubiri mwingine, kama katika msunyunho wetu, ambamo bibi akifa wimbo hautoki kijijini.

Sauti Sol ni kundi la majina. Huwezi kumtoa Bien ukaweka mtu mwingine ukaendelea kuwaita Sauti Sol, watu wangerudisha tiketi. Kundi la namna hiyo umri wake ni umri wa mapatano ya watu wake, na miaka 18 ni mingi sana kwa mapatano ya vijana wanne, kuna ndoa ambazo hazifiki hapo.

Ninyi amueni ninyi ni wapi. Kama ni wa nafasi, mtafuteni mapema kijana wa tano anayejifunza sehemu zote, na huyo wa kwanza akiondoka mwageni kwa heri. Kama ni wa majina, fuateni maneno ya Binti Kondoa, mwandikiane.

Sauti ya Tatu alijibu:

Shikamooni wazee wangu, na asante dada wa Kondoa, ingawa maneno yako kuhusu mfukoni yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli.

Jana jioni tulifanya zoezi la Mwalimu nyuma ya nyumba yetu, bila spika. Mwenzetu wa sauti ya kwanza alipewa besi. Alishindwa mstari wa pili, akacheka, kisha akasema hakuwahi kufahamu kwamba mwenzetu wa besi hukaa kwenye noti moja muda mrefu vile ili yeye apate mahali pa kuruka. Hatukusema mengi baada ya hapo. Tukakaa na karatasi.

Tumekubaliana mambo machache tu. Kuanzia shughuli ijayo, sehemu ya malipo itabaki kwenye akaunti ya pamoja, na fedha za kwanza zitanunua maiki. Nyimbo tulizotunga wote wanne tutazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yetu yote, maana mpaka sasa zimo kwenye daftari langu tu. Yeye atarekodi wimbo wake mmoja wa peke yake, lakini si kwa mtayarishaji yule, na kiitikio tutaimba sisi watatu, kama Sauti Sol walivyoingia katika wimbo wa Time Flies wa Burna Boy bila kukoma kuwa Sauti Sol. Kuhusu majina au nafasi, hatujakubaliana. Wawili wanasema hivi na wawili vile, na Mzee naomba utuvumilie.

Mwalimu, zoezi lile tulirudie mara ngapi kwa wiki? Na wewe Fundi, tuna sendofu Ipagala Jumamosi ijayo. Zile maiki mbili za kuazima nizifuate lini?

Fundi Mitambo, Area D alijibu:

Ijumaa, baada ya saa kumi. Njoo na mwenzako wa besi, nataka nimsikie kwenye maiki kabla ya shughuli.